Sukari Guru Iliyoandikwa Ubaoni

Mpendwa Bi Nohemí,

Pokea salamu za msikilizaji wako asiyekosa kipindi chako hata Jumatano moja, yule aliyekuletea sahani ya arepa za moto, mikate yetu ya mahindi, siku ya mtakatifu wa parokia, ila sitaki ujue mimi ni nani kwa hiyo hilo la arepa lisahau, naomba msaada wako na naomba jina langu lisitajwe hewani maana mji wetu huu ni mdogo, mtu akipiga chafya huku juu kanisani, kule chini darajani wanamwombea afya.

Jambo langu ni hili: nimwambie mwanangu ukweli na nimwone akifunga mkahawa wake na kurudi zake mji mkubwa, au Jumamosi nitie sukari guru kidogo kwenye maji na Mungu anisamehe? Swali ni hilo tu. Sasa nikueleze vizuri, kwa sababu ukilisikia hivyo kavukavu utadhani mimi ni mama mbaya, na mimi si mama mbaya, muulize yeyote.

Nina mtoto wangu wa mwisho wa kiume, ambaye humu nitamwita Yeison ili asijulikane. Huyu Yeison, Bi Nohemí, sisemi kwa kujisifu, Mungu alimpa pua. Akiwa bado anatambaa alikuwa akigeuza kichwa kuelekea nyumba ya jirani kabla mafuta hayajachemka, nami najua hapo leo wanakaanga ndizi, na kweli unakuta wanakaanga ndizi. Alipokua akaenda mjini kusomea kahawa, maana siku hizi kahawa inasomewa, wakamfundisha kukaanga buni na kusaga na kupima na kuonja na kutema kwenye kopo, na alitoka wa pili darasani, na yule wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, sisemi kitu. Akafanya kazi kwenye mkahawa mkubwa wa vioo huko mjini, halafu siku moja akarudi na sanduku lake, akasimama mlangoni akaniambia, "Mama, nipe chumba cha mbele. Nataka watu wa hapa wanywe kahawa ya hapa."

Nikampa. Nilitoa makochi yangu, nikatoa kabati la vyombo, nikatoa hata kitanda cha marehemu mama yangu ambacho wageni hulalia, ikabaki picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu tu ukutani kwa sababu hapo sikutaka mjadala.

Unajua jinsi tulivyo sisi. Tumezaliwa katikati ya mibuni, tumechuma buni tangu vidole vikiwa laini, lakini buni nzuri ilikuwa inapanda jeep inakwenda zake kwa watu wa ng'ambo, sisi tunabaki na zile zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu, tunazikaanga mpaka ziwe makaa, tunazipika kwenye maji ya sukari guru, na hiyo ndiyo tinto yetu, tumeinywa, tumelelewa nayo, hatujafa. Sasa Duván anasema sukari ni blanketi la kufunikia kahawa mbovu, na kahawa yake haina cha kuficha, kwa hiyo kwenye mkahawa wake sukari haiingii hata kwa mlango wa nyuma. (Mungu wangu, nimeandika Duván. Basi tumwite Duván tu, akina Duván ni wengi.)

Na kazi anaifanya, asikudanganye mtu. Anaamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza, anaifuta mashine kama mtu anayemwogesha mtoto, anasaga kidogo, anaonja, anatema, anarekebisha, anaonja, anatema, sijapata kuona mtu anayetema kwa furaha namna ile. Akimaliza hapo hanywi tena kahawa mpaka kesho yake, anasema ulimi ukichoka unasema uongo. Wateja wakija anamwaga maji kwa lile birika lake lenye shingo ya bata, polepole, kwa mzunguko, na ukimsemesha hajibu. Kazi yangu mimi ni arepa, ni kuosha, na ni kupasha vikombe moto, maana anasema kikombe baridi kinaiua kahawa. Vikombe vyenyewe ni vya udongo mweusi, alivichagua mwenyewe, vizuri sana, ndani huoni kitu. Hayo ya ndani huoni kitu yaweke akilini.

Majuma ya mwanzo, Bi Nohemí, hakuna aliyekuja ila waliotaka choo. Halafu akaja Mzee Arcesio, unamjua, mwenye shamba la mteremkoni, na ulimi wake unaujua pia. Akanywa tama moja, akakitazama kikombe kama kimemtukana.

"Kijana, hii ni kahawa au dawa ya minyoo?"

"Ni kahawa ya shamba lako mwenyewe, Mzee Arcesio. Buni nimezichukua kwa mwanao."

"Ya kwangu hii? Basi nimekuwa nikiwatesa watu wa ng'ambo miaka yote."

"Inywe taratibu, mzee. Ingoje ipoe kidogo, utamu utakuja wenyewe."

"Kwa umri wangu huu siwezi kungoja utamu uje wenyewe. Lete sukari."

"Hapa hatuweki sukari, mzee."

"Hebu chungulia dirishani, mtoto. Yale yote kule ng'ambo ya mto ni miwa. Umegombana nayo?"

Na watu wakacheka. Hilo ningelivumilia, kwa sababu Arcesio tangu tukiwa vijana amekuwa hivyo. Lakini akageuka akautazama ubao. Mwanangu ana ubao mweusi ukutani, anaandika kwa chaki kila asubuhi, mwandiko wake mzuri kama wa padri, na siku hiyo alikuwa ameandika: Ladha za leo: ganda la chungwa, ua jeupe, sukari guru. Mzee Arcesio akausoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akasema, "Hapa pameandikwa sukari guru. Nimeitafuta kikombeni sijaiona. Au umeichora tu?" Wakacheka tena, na mwanangu akawa mwekundu mpaka masikioni, akaenda kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

Mimi shule niliishia darasa la nne lakini kusoma najua. Walipoondoka nilijimiminia ile iliyobaki, nikaisoma ile orodha nikiwa nakunywa. Chungwa nikaliachia, huenda. Ua, nani amewahi kula ua. Lakini sukari guru, Bi Nohemí, mimi nimezaliwa jirani na kinu cha miwa, moshi wa sukari guru ndio ulionikaushia nepi, na nakuapia katika kikombe kile haikuwemo. Nikawaza. Mwanangu si mwongo, sikumlea kuwa mwongo. Kama ubao unasema imo na kikombe kinasema haimo, basi kuna aliyesahau kuitia, na katika nyumba yangu mwenye kazi ya kukumbuka yaliyosahauliwa ni mimi.

Kesho yake nilichemsha tonge la sukari guru na maji kidogo mpaka likawa zito kama asali, nikalificha kwenye kisufuria nyuma ya kopo la unga. Arcesio alipoingia kuja kutafuta tena cha kuchekea, nikapasha kikombe chake na kutia kidogo chini kabisa. Duván akamwaga kahawa yake juu, hakuona kitu. Mzee akanywa. Akautazama ubao, akanitazama mimi, mimi nikafuta meza.

"Kijana," akasema, "leo umeipatia."

Basi hapo ndipo ilipoanzia. Arcesio akawanong'oneza wenzake, na kwa kuwa siwezi kumuuliza kila mtu mbele ya mwanangu, tukapatana bila kupatana: anayetaka tamu anavua kofia na kuiweka juu ya meza, anayetaka chungu anaibakiza kichwani. Wanawake huweka mkoba, au mwavuli. Sasa ukiingia kwetu asubuhi huoni meza, unaona kofia. Na mwanangu, masikini, mwanangu mwenye pua, alinivuta jikoni siku moja macho yanamng'aa.

"Mama, umeona? Wanaivulia kofia."

"Nimeona, mwanangu."

"Hata Mzee Arcesio. Nilikwambia watajifunza. Nilikwambia ipo siku wataielewa."

"Uliniambia, mwanangu."

Akatoka akipiga mluzi. Tangu arudi kutoka mjini sikuwa nimeusikia mluzi ule. Niambie wewe, mama gani anautoa mluzi kwenye mdomo wa mtoto wake?

Ningeishi hivyo mpaka nife, na sukari guru yangu nyuma ya unga, kama si hao watu wa maonyesho. Kila mavuno kuna maonyesho ya kahawa kule mjini na huwa wanachagua mkahawa mmoja wa milimani ukawapikie wageni, na Duván aliwaomba waje watuonje, na wao huja bila kupiga hodi. Juma lililopita mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu ya upandeupande, akaingia mama mmoja simjui, kalowa, anaitwa Bi Iriarte nilikuja kujua baadaye, kavaa kofia nzuri ya manyoya ya sungura. Akaivua akaiweka juu ya meza ikauke.

Juu ya meza, Bi Nohemí. Ungefanyaje? Mikono yangu haikuniuliza.

Akanywa, akaacha kunywa, akanusa, akanywa tena. Alipomaliza akakiinamisha kikombe akatazama ndani mpaka chini, sijapata kuona mtu wa mji mkubwa akisikitika kiasi kile kwamba kahawa imekwisha. Akazitazama kofia za wazee mezani, moja moja. Kisha akamwita mwanangu.

"Humu umeongeza kitu?"

"Maji na kahawa tu, bibi. Nakuapia kwa mama yangu, yule pale."

Mimi nikatabasamu.

"Nimeonja kahawa ya mlima huu miaka mingi," akasema, "na sijawahi kukutana na utamu kama huu. Jumamosi narudi na wenzangu wawili. Utatutengenezea mbele yetu, na vikombe tutakuja navyo wenyewe."

Unaona walivyoipenda? Wanakuja na vikombe vyao, kama mtu anayemfuata jirani na sufuria yake. Mji mzima nimekwisha kuuambia. Lakini baadaye nikakaa nikafikiri. Wakija na vikombe vyao, sukari guru yangu nitaiweka wapi? Watainywa ile ya dawa ya minyoo, watasema siyo ile, na mwanangu atakosa maonyesho, naye alikwisha kuniambia, akiwa anafunga mifuko ya buni, bila hata hasira, "Mama, nikishindwa na hapa nyumbani, basi kazi hii si yangu. Nitarudi mjini nitafute nyingine." Namjua. Akiondoka mara hii harudi, nitabaki na chumba cha mbele na picha ya Moyo Mtakatifu.

Maji ya Jumamosi nitayachemsha mimi. Sukari guru ile nyeupenyeupe, ya miwa michanga, ukiitia kidogo kwenye maji haionekani rangi. Nimekwisha kujaribu. Ninachotaka kujua kwako ni kama ni dhambi kubwa au ndogo, na kama unadhani kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha kwa birika moja.

Nijibu hii Jumatano, tafadhali, na usome saa nne kamili, maana saa nne Duván huenda kwa Ligia mwenye ng'ombe kuchukua maziwa. Saa tatu yumo ndani, na redio iko juu ya rafu ya vikombe, na nikiizima wazee watapiga kelele, hawawezi kukaa bila wewe. Usinijibu kwa barua, mpeleka barua wetu ana mdomo.

Ni mimi, mama asiyejulikana, mzazi wa mwenye pua.

*

Mama asiyejulikana,

Kwanza kaa. Na hiyo redio iache.

Nimeisoma barua yako yote hewani kama ilivyo, na jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. Kama kuna mtu hapa mlimani bado hajajua wewe ni nani, basi huyo hajawahi kuvua kofia. Sasa nisikilize, maana leo nitakupongeza kidogo na kukugombeza sana.

Pongezi ni hizi. Mkahawa mtupu umeujaza. Wazee ambao walikuwa hawakai pamoja ila kwenye mazishi, sasa wanakaa pamoja kila asubuhi. Hilo si jambo dogo, na hukulifanya kwa nia mbaya. Pia arepa zilikuwa nzuri.

Pongezi zimekwisha.

Bibi wewe, umesema mwanao si mwongo. Ni kweli. Ndiyo maana aliapa. Aliapa kwa jina lako, na wewe umesimama pale na kitambaa, ukatabasamu. Wewe uliyekasirika kwa sababu Arcesio alimwita mwongo kwa utani, umemfanya awe mwongo kwa kweli, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kupima ukweli kwa ulimi. Hujaliona hilo? Umeandika kurasa nzima na hapo umepita kama mtu anayeruka dimbwi.

Na hao wanaokuja na vikombe. Mama yangu, umeuambia mji mzima kwamba wameipenda mpaka wanabeba vyombo. Huyo mwanamke anaonja kahawa kwa riziki yake. Wewe ulikaushiwa nepi kwa moshi wa sukari guru, unadhani yeye hajawahi kuilamba? Aliyeinamisha kikombe akatazama chini hakuwa anasikitika kwamba kimekwisha. Alikuwa anatafuta. Aliyezitazama kofia moja moja hakuwa anahesabu wateja. Na mtu anayerudi na vikombe vyake mwenyewe, harudi kwa sababu vya kwenu ni vichache.

Anarudi kumkamata mwizi, na mwizi anayedhani atamkuta ni mtoto wako.

Sasa tia hicho kidole gumba chako cha sukari guru kwenye birika. Tia. Jumamosi ataonja kitu kile kile, kwenye kikombe chake mwenyewe, na hapo hatauliza tena, ataandika. Hutampoteza Duván kwa kuwa kahawa yake ilishindwa. Utampoteza kwa kuwa ilishinda kwa hila, naye hakujua. Umeniuliza dhambi ni kubwa au ndogo. Hilo mpelekee padri. Mimi ninachokwambia ni kwamba ukilisogelea birika hilo Jumamosi, nitakuja mwenyewe kulimwaga.

Kuna neno jingine limeniuma kuliko yote. Uliisoma ile orodha ubaoni, ukaonja, hukuipata sukari guru. Vizuri. Kwa nini hukumuuliza? Ana miezi mingapi anaandika ladha kwenye ule ubao, akimngoja mtu mmoja tu aulize, "Mwanangu, hii iko wapi?" Angeacha birika, angeacha wateja. Angekukalisha chini na kukupa kikombe, na kukuambia ngoja ipoe, sasa, sasa hivi, umeisikia? Wanaosomea kahawa wanaita sukari guru ule utamu mdogo unaobaki mwishoni kabisa, baada ya kumeza, wenyewe, bila kutiwa. Upo. Mimi niliupata mara moja, siku nilipokuja kwenu na mikono mitupu. Ni mdogo, lakini upo. Mwanao hakuuchora.

Hukuuliza kwa sababu uliona haya ya darasa la nne. Mama aliyeinua nyumba peke yake kwa arepa anaona haya kumuuliza mtoto wake swali. Hayo ndiyo ya kuonea haya.

Haya. Uliomba nisome barua yako saa nne, kijana akiwa kwa Ligia. Tazama saa ya ukutani, hapo chini ya Moyo Mtakatifu.

Ni saa tatu na kitu. Nilianza mapema leo.

Usiinuke. Ulipoinuka mara ya kwanza kuikimbilia redio, bila shaka ulimkuta Mzee Arcesio ameweka kiti chake mbele ya rafu. Nilimpigia simu asubuhi. Nilimwambia leo akae hapo na asinyanyuke hata akitukanwa, na yeye kwa kutukanwa ana uzoefu. Usinilaumu. Mtu anayetaka siri haiandikii redio. Uliniandikia kwa sababu mdomo wako umekataa kufunguka, nami nimekufungulia, kwa kuwa mpaka Jumamosi hapana nafasi ya kuubembeleza.

Wewe, kijana. Najua umesimama hapo mashine inakuvumia na hujui umwangalie nani. Weka birika chini kwanza, utajiunguza. Umeumia na una haki. Lakini usiende kukunja nguo zako. Umefikiri kofia zile zilivuliwa kwa ajili ya kahawa yako, sasa unajua zilivuliwa kwa ajili ya sukari. Sawa. Ila kila mmoja wa hao wazee ana sukari guru nyumbani kwake, na tinto jikoni, na mke wa kumkaripia bure. Mbona wanakuja kukaa kwako? Hilo lifikirie ukishapoa. Na wewe nawe una kosa. Ubao umeusomea mji mzima, mama yako hukumsomea. Ulimpa vikombe apashe moto, kahawa yenyewe hukumwonjesha.

Mtafanya hivi. Leo, kabla ya maziwa, unampigia simu yule Bi Iriarte na kumwambia kilichokuwa ndani ya kikombe chake, nani alikitia na kwa nini. Usimfiche mama yako na usimtupe. Sema tu ilivyokuwa. Akicheka, vizuri. Akikata simu, umepoteza maonyesho ya mwaka mmoja, jina lako unalo. Jumamosi wakija, unatengeneza peke yako, maji unachemsha wewe, na mama anakaa meza ya mbele, mikono juu ya meza, kama kofia.

Na kuanzia kesho, kile kisufuria kitoke nyuma ya unga. Kiwekwe juu ya kaunta, na kijiko chake, mahali kila mtu anakiona. Ubaoni andika kahawa mbili. Moja ni yako, na maua yako na machungwa yako. Nyingine iandike Tinto ya Mama, chini yake uandike sukari guru, na hapo hakuna atakayeuliza iko wapi. Kila anayeagiza ya mama, mpe ya kwako tama moja bure kabla, aingoje ipoe. Wengine watatema. Mzee Arcesio atatema hadharani. Lakini siku moja mmoja wao hatatema, na huyo atakuwa amevua kofia kwa ajili yako kweli.

Mimi nikitoka hapa ninapita kwenu. Ndiyo, ule mwavuli wa kijani mnaouonaga mezani ni wangu, msinitazame hivyo. Leo nitaubakiza mkononi.

Sasa Arcesio, umefanya kazi yako, zima redio. Huyu mama ana neno la kumwambia mwanawe, na halituhusu.